Mashine ya Kikapu Iliyotumika: Ione Ikinyanyuka Kabla ya Kutuma Pesa

Una nyumba ya ghorofa. Gata zimejaa majani ya mkaratusi, paneli za sola zina vumbi, na kila fundi anakuja na ngazi ya mbao iliyofungwa kwa waya. Halafu unaona tangazo: mashine ya kikapu inauzwa, imetumika kidogo, bei ya kuongea. Ni ile yenye mkono mrefu unaonyanyua mtu, kama ya mafundi wa taa za barabarani, ila hii ni ndogo, inavutwa na pikapu. Muuzaji anakwambia, "Boss, tuma deposit ya elfu hamsini nikuwekee, kuna mwingine yuko njiani."

Usitume bado. Pesa ikiwa kwenye simu yako, muuzaji anakusikiliza. Ikishaenda, wewe ndiye utakuwa ukimpigia.

Nenda uione, na uende na fundi wa haidroli, si binamu anayejua magari. Kuwashwa tu si kitu. Bila mtu kikapuni, acheni mguu mmoja kati ya ile minne bila kugusa ardhi, kisha mjaribu kuinua mkono kidogo. Mashine nzima inafaa ikatae. Ikikubali, swichi za usalama zimechezewa, na hapo safari imeisha. Ikikataa, shusheni miguu yote, isawazisheni, muweke mifuko mitatu ya simiti kikapuni. Hiyo ni kilo 150, na mashine nyingi za aina hii hubeba kama kilo 200, lakini someni kibati chake kwanza. Inueni, mnywe chai dakika kumi, mrudi. Mkono ukiwa umeshuka wenyewe, haidroli inavuja. Mwisho, zimeni umeme muone kama unaweza kushushwa kwa mkono. Fikiria betri ikizima ukiwa huko juu, jioni, peke yako.

Rangi mpya kwenye viungo tu? Uliza inaficha nini. Kibati chenye namba kimetolewa? Achana nayo.

Sasa malipo. Kabla ya kukamilisha muamala, soma jina linalotokea kwenye simu. Lilingane na kitambulisho cha muuzaji na karatasi za mashine, za forodha au risiti ya mwenye wa kwanza. "Tuma kwa namba ya bibi yangu" si jibu. Kampuni ikuonyeshe Till au Paybill yenye jina lake. Muamala mmoja una kikomo cha shilingi 250,000, na kwa siku ni 500,000, kwa hivyo mashine ghali italipwa kwa awamu au kupitia benki. Hilo ni jambo zuri kwako: sehemu mkishaandikiana baada ya majaribio, iliyobaki ikifika kwako. Usifute meseji hata moja.

Wengi hudhani wakidanganywa wataomba muamala urudishwe. Huduma hiyo ni ya pesa zilizoenda kwa namba isiyo sahihi. Ukimtumia mtu uliyemkusudia, na ameshatoa kwa wakala, kilichobaki ni polisi na mahakama.

Tuseme imefika salama. Kama unaishi Juja au Kitengela, ule udongo mweusi ukinyeshewa hautashika miguu ya mashine, hata na mbao nene chini yake. Subiri ukauke. Usiweke mguu juu ya shimo la choo au septic tank, hata kama kifuniko kinaonekana imara. Vaa mkanda na uufunge kwenye kikapu, si kwenye paa. Na waya za stima: kaa mbali nazo angalau mita tatu, kwa sababu mashine hizi nyingi ni chuma tupu, hazizuii umeme. Tawi likiwa limegusa waya, pigia kampuni ya umeme waje wakate wenyewe.

Kwa kweli, kama kazi yako ni gata mara mbili kwa mwaka, kodi ya siku moja. Hata hapo, lipa ikishashusha miguu kwako.