SOMO: KUPIMA PROGRAMU ZA HESABU KWA MSAADA WA AKILI MNEMBA

Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama kufahamu jinsi programu ya kompyuta inavyokaguliwa kabla ya kukabidhiwa hesabu za chama, na kutambua sehemu ambayo akili mnemba yaweza kusaidia katika kazi hiyo.

1. Sababu za kukagua

Kila mwanaushirika anafahamu kwamba mizani isiyopimwa humpunja mkulima hata kama karani ni mwaminifu. Programu ya kompyuta ni mizani ya namna nyingine. Ni mfululizo wa maagizo; agizo moja likikosewa, kosa hilo hurudiwa katika stakabadhi zote zinazolihusu.

Nchini Uingereza, Shirika la Posta lilianza mwaka 1999 kutumia katika vituo vyake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Wasimamizi wa vituo vidogo walianza kuona upungufu wa fedha wasioweza kuueleza. Posta ilishikilia kwamba mfumo ulikuwa imara, ikawadai walipe. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa mashitaka yaliyotegemea hesabu za mfumo huo, na baadhi yao walifungwa. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa namna hiyo, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hatia za mamia ya watu kwa pamoja.

Kasoro moja ilikuwa ndogo kwa sura. Mwaka 2015, katika kituo cha Dalmellington, Scotland, msimamizi alipokea paundi 8,000. Skrini ilikwama, akabonyeza tena na tena, na mfumo ukaandika pokeo hilo mara nne. Vitabu vikaonyesha paundi 32,000, na kituo kikaonekana kupungukiwa na paundi 24,000 ambazo hazikuwako kamwe. Jaribio moja la kubonyeza mara mbili, lililofanywa mapema, lingeweza kuifichua kasoro hiyo.

2. Msaada wa akili mnemba

Tangu mwaka 2021 watengenezaji wengi wa programu wamekuwa wakitumia wasaidizi wa akili mnemba. Msaidizi huyo hupewa maagizo ya programu, akayasoma kwa muda mfupi, akaonyesha mahali panapotiliwa shaka. Hupendekeza pia majaribio ambayo mtu aliyechoka huyasahau: uzito ukiwa sifuri itakuwaje, nukta ya desimali ikisahauliwa, kilo 37.5 zikawa 375, je, programu itauliza. Mtandao ukikatika katikati ya malipo, mkulima atalipwa mara mbili au hatalipwa kabisa?

Kwa kuorodhesha hatari, msaidizi huyo hachoki wala haoni haya kuuliza.

3. Mipaka yake

Akili mnemba hukosea kwa lugha ya uhakika ileile inayotumia inaposema kweli. Yaweza kutaja kasoro isiyokuwapo, au kuipita iliyopo. Hatari iliyo kubwa zaidi ni hii: ikiombwa kutunga majaribio kwa kuyasoma maagizo peke yake, mara nyingi hupima kama programu inafanya kile inachofanya sasa, si kile inachopaswa kufanya. Hapo kosa hupewa cheti cha usahihi.

Tuchukue mfano. Mkulima ameleta kilo 37.5 kwa bei ya shilingi 1,150. Anastahili shilingi 43,125. Anadaiwa pembejeo za shilingi 50,000. Je, alipwe sifuri na deni la shilingi 6,875 lihamie msimu ujao, au makato yasizidi nusu ya malipo yake? Jibu halimo ndani ya kompyuta. Limo katika masharti ya chama na maazimio ya mkutano mkuu. Msaidizi asipoambiwa atabuni jibu, na jibu lake laweza kupendeza macho.

Ushirika una kanuni ya zamani kwamba mweka hazina hakagui vitabu vyake mwenyewe. Kanuni hiyo haikubatilishwa na kompyuta. Msaidizi aliyeandika programu asiachwe kuwa mwamuzi wa mwisho wa programu hiyo.

4. Utaratibu unaopendekezwa

(a) Katibu na kamati waandike mifano ishirini au zaidi kutoka katika kazi halisi ya chama, na majibu yake yakokotolewe kwa mkono kabla ya programu kuendeshwa.

(b) Mtengenezaji aitumie akili mnemba kuongeza mifano na kukagua maagizo. Asiipe majina wala akaunti za wanachama. Atumie majina ya kubuni.

(c) Kila kasoro iliyotajwa ihakikishwe na mtu kwa kuijaribu, kisha matokeo yaandikwe katika daftari.

(d) Kila programu inapobadilishwa, hata kwa neno moja, majaribio yote yarudiwe.

(e) Kwa msimu mmoja wa kwanza, stakabadhi za karatasi ziendelee kutolewa na zilinganishwe na kompyuta kila jioni.

(f) Hesabu zikitofautiana, programu ichunguzwe pamoja na karani. Asihukumiwe mtu kwa ushahidi wa mashine peke yake.

5. Maswali ya majadiliano

1. Ni nani katika chama chenu anayeweza kukokotoa malipo ya mkulima kwa mkono, pamoja na makato yote?

2. Masharti ya chama yanasemaje pale deni la mwanachama linapozidi mazao yake?

3. Karani akibonyeza mara mbili, programu yenu hutoa stakabadhi ngapi? Ijaribiwe mbele ya kamati, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao.