Kumtambua Shorobo Msituni

Mara mbili nilipanda Msitu wa Mbizi, karibu na Sumbawanga, nikimtafuta ndege aitwaye shorobo, nikarudi bure. Mara ya pili niliandika daftarini kuwa nimemwona, kumbe matawi yalitikiswa na mbega mwekundu, ikanibidi nifute. Kosa langu lilikuwa kutanguliza macho. Shorobo ana rangi ya majani mabichi, naye hukaa majanini. Kaeni kimya karibu na mti wenye matunda yaliyoiva, msikilize sauti yake nzito ya kukwaruza. Hukimbia juu ya tawi kama kindi. Msimwandike bado. Ngojeni aruke: mabawa huonyesha wekundu kama wa damu, nao wekundu huo una madini ya shaba ndani yake. Akitua hufichika, hapo tazameni kishungi kirefu, ncha zake nyeupe.