Mtakatifu Nikola na Merikebu za Ngano

Tarehe 6 ya mwezi wa Desemba ni sikukuu ya Mtakatifu Nikola, askofu. Katika nchi ya Ubelgiji watoto wanaingojea kwa hamu kubwa. Usiku wa kuamkia siku ile wanaweka viatu vyao karibu na mahali pa moto, na ndani wanatia karoti kwa ajili ya punda wa Nikola. Asubuhi karoti haiko tena. Badala yake wanakuta biskuti, chokoleti na machungwa madogo. Huko ni wakati wa baridi kali, na mara nyingine theluji imefunika njia.

Wabelgiji walipotawala Kongo, tangu 1908 mpaka 1960, walikuja na desturi hiyo. Lakini Bunia hakuna theluji. Mji uko karibu na mstari wa Ikweta, na mwezi wa Desemba mvua inapungua na vumbi linaanza kuruka njiani.

Mtoto mwenye akili atauliza: “Nikola anakuja usiku mmoja tu. Miezi mingine yuko wapi, na anafanya kazi gani?”

1. Majibu ya hadithi

Watu wa Ulaya wamejibu kwa hadithi nyingi. Watoto wa Uholanzi wanaambiwa kwamba Nikola anakaa Hispania, nchi ya jua, na kwamba matendo ya kila mtoto yameandikwa katika kitabu chake kikubwa. Katika mwaka 1850 mwalimu mmoja wa Amsterdam, jina lake Jan Schenkman, alitoa kitabu chenye picha. Humo Nikola anafika kutoka Hispania kwa merikebu ya moshi. Tangu hapo watoto wa Uholanzi wanamngojea bandarini.

Waholanzi waliohamia Marekani walikwenda na jina lake, na huko likageuka kuwa Santa Claus. Mzee huyo mwenye nguo nyekundu ni sawa na Baba Noeli anayejulikana Bunia. Husemwa kwamba kao lake ni kaskazini kabisa mwa dunia. Na huko Denmark, tangu mwaka 1957, watu wanaovaa mavazi yake wamezoea kukutana mwezi wa Julai, wakati wa joto, wakicheza na kuoga baharini.

Hadithi hizo zinachekesha, wala hazina ubaya. Lakini Nikola alikuwa mtu kweli.

2. Askofu wa Mira

Nikola aliishi katika karne ya nne. Alikuwa askofu wa mji wa Mira, karibu na bahari, katika nchi inayoitwa leo Uturuki. Bandari ya Mira ilijulikana sana. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, tunasoma kwamba Mtakatifu Paulo, alipopelekwa Roma akiwa mfungwa, alishuka Mira akapanda merikebu ya Aleksandria. Merikebu ile ilikuwa imechukua ngano.

Kwa nini merikebu za Misri zilipita Mira? Miji mikubwa ya Kaisari ilikula ngano ya Misri. Tangu Novemba mpaka Machi bahari ilikuwa na dhoruba, na mabaharia wengi walikaa bandarini. Basi ngano ilisafirishwa katika miezi ya jua. Miezi ambayo watoto wa leo wanafikiri Nikola amepumzika, ndiyo ilikuwa miezi ya merikebu mlangoni pake.

3. Njaa inaingia mjini

Watu wa zamani walisimulia hivi. Mwaka mmoja mavuno yalikufa katika nchi ya Mira, na ghala zikawa tupu. Ndipo merikebu zilizojaa ngano zikatia nanga bandarini. Nikola alishuka akawaomba mabaharia: “Katika kila merikebu nitolee vipimo mia, watu wasife.”

Mabaharia waliogopa. Wakajibu: “Baba, hatuwezi. Ngano hii imepimwa Aleksandria, na tukifika itapimwa tena katika ghala za Kaisari. Ikipungua, sisi tutalipa.”

Nikola aliwaambia: “Toeni. Naahidi kwa jina la Mungu kwamba haitapungua.”

Wakatoa. Walipofika mwisho wa safari, ngano ilipimwa, na haikupungua hata kidogo. Huko Mira Nikola aligawia kila mtu kwa kadiri ya shida yake. Ngano ile ilitosha kwa miaka miwili, tena ikabaki ya kupanda.

Tazama vizuri. Nikola hakuwa na ngano yake mwenyewe. Alikubali kuwa mwombaji kwa ajili ya wengine. Tena hakuwapa chakula cha siku moja tu. Alifikiri pia mbegu.

Mabaharia hawakumsahau. Katika mwaka 1087 mabaharia wa Bari, mji wa Italia, waliichukua mifupa yake kutoka Mira, wakafika kwao tarehe 9 Mei. Mpaka leo, kila mwezi wa Mei, watu wa Bari wanatia sanamu yake katika chombo na kuipeleka baharini.

4. Njaa haingoji sikukuu

Katika Ituri watu wanajua maana ya njaa. Mwishoni mwa mwaka 2017 vita vilianza tena katika Djugu, na watu wengi walikimbilia Bunia. Walikaa chini ya mahema, kwanza karibu na Hospitali Kuu, halafu wengi wakahamishiwa Kigonze. Anayekimbia wakati wa kupanda, wakati wa kuvuna hana kitu. Hata akirudi kwake salama, atalima kwa mbegu gani?

Mwezi wa Desemba ni rahisi kukumbuka maskini, kwa maana nyimbo za Noeli zinawakumbusha watu wote. Mwezi wa Julai hakuna wimbo. Shule zinafungwa, mahindi yanaiva, na kila mtu anaangalia kikapu chake. Lakini mama anayempa jirani aliyekimbia vita kikombe cha mbegu za maharagi, amempa chakula cha miezi mingi. Na mtoto anayekata muhindi wake wa kuchoma vipande viwili, akampa mwenzake bila kujisifu, ameanza kazi ya Nikola kabla ya sikukuu yake.

Maneno

Kutia nanga: kusimamisha chombo majini.
Ghala: nyumba ya kuwekea mavuno.
Dhoruba: upepo mkali pamoja na mawimbi au mvua.

Maswali

1. Sikukuu ya Mtakatifu Nikola ni tarehe gani?
2. Kwa nini ngano ya Misri ilisafirishwa katika miezi ya jua?
3. Mabaharia waliogopa nini? Je, hofu yao ilikuwa na maana?
4. Kwa nini ilikuwa vema ngano ibaki ya kupanda?
5. Ulizeni wazee nyumbani: katika mwaka wa njaa, nani aliwapa mbegu? Andikeni jibu lao kwa mistari mitano.