Bahasha yenye unga: la kufanya ukiwa Kagugu

Oktoba 2001, Marekani ikihangaika na barua zenye kimeta zilizoua watu 5, Waziri wa Afya wa Kenya, Sam Ongeri, alitangaza kwamba barua iliyotoka Atlanta ikafika Nairobi imekutwa na kimeta. Vipimo vya baadaye havikukiona, lakini hofu ilikwishatanda. Basi ukipokea bahasha usiyoitarajia, inamwaga unga, si kazi yako kuamua kama ni sumu au ni sembe.

Tuseme uko dukani Kagugu, jijini Kigali. Usiitikise, usiinuse, usiiinue ili uipige picha. Iache ilipo, ifunike polepole kwa beseni, zima feni, toka na ufunge mlango. Nawa kwa maji mengi na sabuni. Jiki ni ya sakafu, si ya ngozi. Nguo zilizoingia unga zivue taratibu uziweke kwenye ndoo yenye mfuniko (mifuko ya plastiki, kama tujuavyo, Rwanda iliipiga marufuku zamani). Piga 112, kisha andika majina ya wote waliokuwemo, hata mteja aliyeingia kununua vocha tu. Kimeta hakiruki kutoka mtu hadi mtu kama mafua, kwa hiyo hakuna sababu ya kumkimbia mkeo. Na antibiotiki usijinunulie. Daktari ndiye ataamua.

Hatari nyingine haiji na bahasha. Homa ya Marburg ilitangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba 2024, na hadi mlipuko ulipoisha waliougua walikuwa 66 na waliokufa 15, wengi wa wagonjwa hao wakiwa wahudumu wa afya. Ilitoka kwa popo, wala hakuna aliyeituma. Lakini mwenye homa hawezi kujua kama virusi vimetoka pangoni au mikononi mwa mtu mbaya, na hatua za mwanzo ni zilezile. Homa ya ghafla, kichwa kuuma vibaya, kutapika na kuhara, hasa watu kadhaa wa isibo moja (kundi la kaya jirani) wakiugua kwa pamoja: mwarifu mshauri wa afya wa mudugudu (kijiji), piga 114 kabla ya kumzungusha mgonjwa kwenye famasi. Ukiulizwa ulikotoka na uliokutana nao, sema kweli. Maiti msiioshe wenyewe. Aliyemgusa mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa siku 21. Huko si kushukiwa, na majirani waache kumnyooshea kidole.

Bandikeni mlangoni: 112 polisi, 912 gari la wagonjwa, 114 afya.