Uso Mvivu Ndio Unaobaki

Ukitoka Bukoba mjini kwenda Muleba, mvua ikinyesha viatu vyote vinakuwa rangi moja. Wekundu ule ni oksidi ya chuma, hasa hematiti. Udongo ukielekea njano, ujue gethiti imezidi. Kwenye matanuru ya matofali unayaona mabadiliko kwa macho. Udongo unaingia wa kahawia, unatoka mwekundu, maana joto limeitoa gethiti maji yake na kuigeuza kuwa hematiti.

Katuruka, kule Maruku, watu waliyeyusha chuma miaka kama 2,000 iliyopita. Tanuru zao ziliinyang'anya oksidi oksijeni yake, hivyo umbo la fuwele halikuwasumbua. Kazi inaanza unapotaka oksidi yenyewe ibaki, tena na umbo fulani. Zile kaseti za kina baba, kwa mfano: utepe wake ulipakwa chembe za oksidi ya chuma zenye umbo la sindano, kwa sababu chembe ndefu hushikilia mwelekeo wa usumaku vizuri kuliko ya duara.

Sasa umbo linapangwaje? Hapa wengi tunakariri tu. Fuwele ina nyuso kadhaa, na kila uso hukua kwa kasi yake. Akili inakwambia uso unaokua haraka ndio utakuwa mkubwa. Kumbe ni kinyume! Uso wenye haraka unasonga mbele huku ukipungua upana, mpaka unaishia kuwa ncha na kutoweka. Ule mvivu ndio tunaouona mwishoni. Kwa hiyo mkemia akitaka uso fulani ubaki, anauchelewesha: anatia ioni zinazoung'ang'ania na kuziba njia ya chembe mpya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Japani, Tadao Sugimoto na wenzake walipasha jeli ya hidroksidi ya chuma kwa nyuzi 100, siku 8. Penye kloridi peke yake walipata hematiti zinazokaribia mchemraba, za mikrometa moja na ushee. Walipotia salfeti kidogo, zikawa kama karanga yenye ganda lake. Kwa fosfeti, zikawa kama mpira wa raga. Mapishi yale yale, kiungo kimoja tu kimeongezwa: ioni hizo zinashika nyuso za ubavuni, fuwele inabakiwa na njia moja, kurefuka.

Siku 8 za moto, shule gani ya kata itakubali? Kuni tu ni kesi. Lakini siwezi kwenda fildi nikamwambia mtoto wa kidato cha tatu "amini tu". Tumia chumvi. Si oksidi, ila kanuni ni ile ile. Myeyusho wa chumvi ukikauka polepole kwenye sahani hutoa vijichemraba. Kwenye sahani ya pili yeyusha pia urea nyingi ya duka la pembejeo, upate fuwele za pande nane. Zitazame kwa lenzi kabla maji hayajaisha kabisa, la sivyo fuwele za urea yenyewe zitakuvuruga. Na andika lebo, maana sahani ya chumvi haikawii kubebwa jikoni.