Msindikize Dada Yako: Somo Juu ya Safari ya Mwanamke



Kila muhula unapofungwa, dada zetu hupanda basi alfajiri kuelekea Nimule, wavuke mpaka kwenda Gulu, Kampala, au kwa wazazi walioko bado katika makazi ya wakimbizi Adjumani. Hadi mpakani ni kilomita zipatazo 190 za lami, lakini hofu ya njia hiyo sote tunaijua. Agosti 2021 watawa wawili wa Kikatoliki waliuawa humo basi lao liliposhambuliwa. Basi dada anapouliza, "Naruhusiwa kusafiri peke yangu?", haulizi suala la kitabuni tu.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mwanamke kusafiri bila maharimu. Mtu mmoja akasimama, akaeleza kuwa ameandikwa katika jeshi na mkewe ametoka kwenda Hija. Mtume (S.A.W.) akamwamuru aende akahiji na mkewe.

Tuzingatie hapo. Hakuambiwa amrudishe mkewe nyumbani. Aliambiwa yeye aliache jeshi amfuate. Wengi wetu tunaishika nusu ya kwanza ya hadithi ili kumzuia dada, na nusu ya pili, inayotutaka sisi tufunge mizigo, hatuigusi.

Wanazuoni wametofautiana. Kwa Mahanafi na Mahanbali, maharimu ni sharti hata kwa safari ya Hija. Maimamu Malik na Shafii waliruhusu Hija ya faradhi pamoja na wenzi waaminifu, na baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wamelipanua hilo kwa safari nyingine njia ikiwa salama. Anayefuata rai hii nyepesi asisahau sharti lake: usalama.

Tumkumbuke pia Ummu Salama (R.A.). Alitoka Makka na mwanawe mdogo kumfuata mumewe Madina, hana wa kumsindikiza. Pale Tan'im akakutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hajasilimu. Akamshikia hatamu ya ngamia mpaka Quba. Kila walipopumzika alimpigisha ngamia magoti, akasogea mbali ili mama ashuke, kisha akalala chini ya mti mwingine. Ikiwa yeye aliweza kabla ya Uislamu, sisi tuna udhuru gani?

Kwa hiyo jumuiya yetu ifanye haya:

1. Wasafiri wajiandikishe wiki mbili kabla ya likizo, ili wasio na maharimu wapande basi moja na dada walio nao.
2. Kaka wa dada akikosa nauli ya kumsindikiza, tumchangie. Hiyo ni sadaka.
3. Madereva waulizwe hali ya njia siku ile ile, na safari iahirishwe wakisema si shwari.
4. Mtu mmoja hapa Juba apige simu kila kituo, na awepo wa kumpokea dada anaposhuka, hasa akifika usiku.
5. Nanyi ndugu wanaume, bebeni mizigo kisha mkae mbali. Uthman bin Talha hakuomba namba ya simu.

Kabla hujamwambia dada yako "haramu", jiulize: nimejitolea kwenda naye?

Allah awalinde wasafiri wetu, awafikishe salama na awarudishe salama. Amin.

Wallahu a'lam.