Kizazi chenye ukuta: je, lazima kisu?

Ndugu mfanyakazi, kama mimba za bibi yako zimetoka mara mbili ao tatu, pengine watu wa jamaa wamekwisha kuanza kutafuta mlozi, ao wanakuambia umrudishe kwa wazazi wake. Ngoja kwanza.

Mtoto wa kike akiwa angali tumboni mwa mama yake, kizazi chake kinatengenezwa na mirija miwili inayoungana, kisha ukuta wa katikati unaisha. Kwa wengine ukuta huo unabaki. Kwa wengine mirija haiungani vizuri, na kizazi kinakuwa na pembe mbili. Mwanamke anazaliwa hivyo; si kosa lake.

Katika ekografi mambo hayo mawili yanaweza kufanana, lakini hayatunzwi namna moja. Kizazi cha pembe mbili kwa kawaida hakipasuliwi: wengi wanazaa, ingawa mtoto anaweza kutangulia siku zake ao kukaa matako chini. Ukuta, huo unaweza kukatwa kwa chombo chembamba kinachopitia njia ya uzazi, bila kupasua tumbo. Miaka mingi wanganga waliukata wakiamini kwamba mimba zitakaa. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya uchunguzi ulioongozwa toka Uholanzi, juu ya wanawake 80 wenye ukuta waliopata taabu ya uzazi. Kati ya waliokatwa, 31 kwa 100 walizaa mtoto hai. Kati ya walioachwa, 35 kwa 100. Wanawake 80 ni wachache, na wanganga wangali wanabishana. Lakini usiuze baiskeli yako mbio-mbio kwa ajili ya operesheni!

Uliza munganga: ni ukuta ao ni pembe? Mafigo yametazamwa? (Waliozaliwa na kizazi cha namna hiyo, mara nyingine wana figo moja tu.) Na sukari, na kaswende, vimepimwa?

Sasa wewe mama, kama kizazi chako kilikwisha kukatwa kwa kupasua tumbo, kwa kutoa vivimbe kwa mfano, usizalie nyumbani. Kovu linaweza kupasuka wakati wa uchungu, na mama na mtoto wakafa kwa saa chache. Sema habari ya kovu siku ya kwanza ya kupimwa mimba, uzalie fasi penye munganga wa kupasua na damu ya kuongeza. Karatasi ya operesheni iwekwe pamoja na kitabu cha ndoa, si chini ya godoro penye panya.